Jiwe Juu ya Jiwe

Kisumu ya siku hizi inajengwa bila kupumzika. Ukitoka mjini kuelekea Mamboleo au Nyamasaria utawakuta waashi juu ya majukwaa ya miti, mwiko mkononi, uzi umevutwa kutoka pembe hadi pembe, na chini yao kijana anageuza saruji na mchanga kwa sepetu. Jiwe linapandishwa likiwa limechongwa mraba, linalazwa juu ya saruji mbichi, linagongwa kidogo, linapimwa kwa pimamaji, kisha linafuata jingine. Ni kazi nzuri na ina heshima yake. Lakini mwondolee fundi huyo saruji, umnyang'anye nyundo na patasi, umwachie mawe kama yalivyookotwa mlimani, halafu umwagize ukuta wa kimo cha mita nne utakaosimama karne nne. Atakuambia umtafute fundi mwingine.

Fundi huyo alikuwapo. Aliishi upande wa mashariki wa ziwa letu, Ziwa Victoria, katika nchi ambayo leo ni Kaunti ya Migori, na kazi yake bado imesimama mahali panapoitwa Thimlich Ohinga, kilomita 46 kaskazini-magharibi ya mji wa Migori. Jina lake hatulijui. Kuta zake tunazo. Nataka kuzisifu polepole, kwa sababu nazo zilijengwa polepole.

Kutoka Kisumu njia ni ndefu. Unapita Ahero na mashamba ya mpunga ya Kano, unakata kulia kuelekea Katito na Kendu Bay, ziwa linakufuata upande wa kulia hadi Homa Bay, kisha unaliacha na kupanda kuelekea Rodi Kopany na vilima vya bara. Kadiri unavyokwenda, mawe yanaongezeka. Yamo mashambani, yamo kando ya barabara, yamerundikwa kwenye mipaka na wakulima waliochoka kuyakwepa kwa jembe. Mtu anayepita kwa haraka huona usumbufu mtupu. Waliokaa hapa zamani waliona vifaa vya ujenzi vilivyokwisha kuletwa hadi mlangoni.

Jina lenyewe linasimulia. Kwa Kiluo, thim ni pori au msitu, na lich ni cha kutisha. Ohinga ni boma lenye ngome. Thimlich Ohinga basi ni boma la pori la kutisha, na miti iliyolizunguka bado inatosha kumweleza mgeni maana ya jina hilo. Ndani ya pori hilo kuna maboma makuu manne: Kochieng', Kakuku, Koketch na Koluoch. Mwenye kujua Kiluo atatambua kwamba silabi ya kwanza inasema kwa nani: Kochieng' ni kwa Ochieng', Koluoch ni kwa Oluoch. Majina ya kifalme hayamo hapa. Ni majina ya kawaida ya watu wenye nyumba, ng'ombe na watoto, aina ya majina unayoyasikia kila siku katika stendi ya mabasi ya Kisumu.

Sasa usogee karibu na ukuta. Chagua kipande kimoja tu, upana wa mikono yako miwili ukiinyoosha, ukitazame kama anavyotazama mkeka mtu aliyewahi kusuka. Kitu cha kwanza utakachokiona ni kwamba hakuna jiwe lililochongwa. Moja ni kubwa kama kichwa cha ng'ombe, jirani yake ni bapa kama sinia, la tatu ni la pembe tatu na halionekani kufaa kwa lolote. Cha pili ni kwamba kila moja limepata mahali pake. Palipo na mawe mawili yanayokutana chini, jiwe moja limelala juu ya kiungo chao na kukifunika. Palipobaki uwazi, jiwe dogo limesukumwa ndani kama kabari, nalo limekaa kwa nguvu ya uzito wa wenzake. Shinikiza jicho lako lifuate mstari wa kiungo kutoka juu hadi chini: litakatizwa kila mara. Mstari ulionyooka kutoka juu hadi chini ndiyo njia ambayo ukuta ungepasukia, na aliyejenga hapa ameifunga njia hiyo mara mia moja katika kipande kimoja kidogo.

Katika uashi wa mawe makavu, popote duniani, ujuzi wote umo katika kuchagua. Mwashi mwenye patasi hulibadilisha jiwe lifuate nafasi. Asiye na patasi hutazama nafasi, akaihifadhi kichwani, akainuka na kutembea kati ya malundo hadi alione lenye umbo hilo. Halafu anaamua jiwe likae vipi: uso upi utazame nje, upande upi uwe wa kulalia, na mkia upi uingie ndani ya ukuta. Mjinga wa kazi hii hulilaza jiwe refu ubavu ubavu ili lionekane kubwa machoni pa watu. Fundi huliingiza ndani kwa urefu wake, akaonyesha ncha tu. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ustadi wa ukuta wa Thimlich imefichwa, na hakuna mtazamaji atakayeiona. Mimi sijui sifa kubwa zaidi ya kumpa mtu wa kazi ya mikono kuliko hiyo: alifanya vizuri pale ambapo hapaonekani.

Unene wa kuta unaanzia mita 1 hadi mita 3, na kimo kutoka kama mita 1 hadi mita 4.2. Ukuta mnene hivyo si safu moja. Wachunguzi wa mambo ya kale wameeleza kwamba umejengwa kwa sehemu tatu. Kuna uso wa nje uliopangwa kwa uangalifu. Kuna uso wa ndani uliopangwa kwa uangalifu uleule. Na katikati yake kuna mawe madogo yaliyojazwa, yakizishika nyuso hizo mbili zisiachane. Fikiria watu wawili wazima wameegemeana mgongo kwa mgongo huku wamebeba mzigo: hakuna anayeweza kuanguka bila mwenzake kumruhusu. Mawe ya katikati, yale yasiyo na sura, ndiyo mgongo wenyewe. Na pale ukuta unapopanda sana au kupinda, wajenzi waliongeza unene wa kuutegemeza, ili uzito wa juu upate mahali pa kushukia.

Msingi haukuchimbwa. Kwa mwashi wa leo hilo ni kosa la kumfukuzisha kazi, kwa sababu ukuta wa saruji ni kipande kimoja kigumu, na ardhi ikihama kidogo chini yake hupasuka. Ukuta wa mawe makavu ni jamii ya vipande elfu. Ardhi ikivimba kwa mvua za masika na kusinyaa kiangazi, kila jiwe hujisogeza kwa unywele mmoja, likakaa upya, na mzigo ukahamia kwa jirani. Mvua kubwa ya ziwa, ile inayoanguka alasiri kama mtu amemwaga pipa, haipati pa kujikusanya nyuma ya ukuta na kuusukuma. Hupenya kati ya mawe na kutoka upande wa pili, na chini kabisa yameachwa matundu ya kuyapitisha maji. Methali yetu inaonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni kweli kwa nyumba ya udongo na kwa nyumba ya saruji. Ukuta wa Thimlich ulizaliwa na nyufa zake, unapumua kwa nyufa hizo, na ungezibwa kwa saruji leo, maji yangenaswa ndani na kuanza kuubomoa.

Wenzetu wa Pwani walikuwa na njia nyingine, nayo ni ya kusifiwa. Mwashi wa Lamu au wa Gedi alikuwa na matumbawe, na kwa kuyachoma alipata chokaa. Chokaa ilimpa uwezo wa kupaka, kunyoosha, kukata vidaka ukutani na kuchora nakshi. Mwashi wa Zimbabwe Kuu, mbali kusini, hakutumia chokaa, ila mlima wake ulimpa itale inayopasuka kwa mabamba, naye akayasawazisha na kuyapanga kama matofali hadi kimo cha mita 11 hivi. Mwashi wa Nyanza hakuwa na chokaa wala jiwe linalopasuka kwa utii. Alipewa mawe ya kila umbo na akayakubali yote. Sisemi kwamba amewashinda wengine. Nasema alipewa mtihani mgumu zaidi, na jibu lake lingali limesimama.

Mlango ndio mahali ambapo mjenzi wa mawe makavu hujulikana. Ukuta mzima husimama kwa kubebana. Ukitoboa uwazi ndani yake, nani atabeba kilicho juu? Hapa walitafuta mawe marefu, wakayalaza kutoka upande mmoja wa uwazi hadi wa pili, na juu yake wakaendelea kujenga. Mafundi wa leo huiita linta, nao huifinyanga kwa chuma na zege. Lango lenyewe limefanywa dogo kwa makusudi. Mtu mzima hupita akiwa ameinama, na aliyeinama hawezi kurusha mkuki. Karibu na malango pameinuliwa mawe ya mlinzi kusimama na kutazama mbali. Utaingia umeinamisha kichwa, na bila kuambiwa utajua wewe ni mgeni na kwamba ndani yupo mwenyewe.

Ndani ni makazi, na bila makazi hayo kuta zisingekuwa na kazi. Anayetaka kuelewa mpango wake aanzie Kisumu, katika makumbusho ya mji yaliyofunguliwa mwaka 1980, ambako imejengwa dala kamili ya Kiluo, yaani boma la familia, iitwayo Ber-gi-dala. Pale utaiona nyumba ya mikayi, mke wa kwanza, na nyumba za nyachira na reru waliomfuata, na ghala za nafaka, na zizi, na nyumba ya mwana mkubwa. Kila kitu kina mahali pake kwa kulitazama lango na kwa kumtazama mwingine, na anayekijua cheo cha mtu anajua pia nyumba yake iko wapi. Ukishaibeba picha hiyo moyoni na kwenda nayo Thimlich, mabonde madogo ya mviringo yaliyo ardhini yanageuka nyumba. Udongo na fito vilirudi mavumbini na paa la nyasi likaoza zamani, lakini alama za sakafu zimebaki, na ndani ya boma kubwa kuna vijiboma vidogo na vijia vya mawe vilivyotenganisha mifugo na watu, na familia moja na nyingine. Jiwe lilitumika kulinda na kupanga ukoo.

Kazi nayo ilikuwa na mahali pake. Nje ya ukuta wa Kochieng' pamepatikana mahali pa kuyeyushia chuma. Mahali hapo pana busara: moto mkali uko nje ya nyumba za nyasi, na mhunzi yuko karibu na ukuta kiasi cha kukimbilia ndani. Jembe lililolima mtama na mkuki uliolinda ng'ombe vilizaliwa hatua chache kutoka langoni.

Na kilicholimwa kilisagwa nyumbani. Katika nchi hii, kabla ya mashine za kusaga za mafuta na za umeme kufika kila soko, kila nyumba ilikuwa na kinu chake cha mawe. Waluo huliita jiwe la kusagia pong'. Jiwe pana la chini limelazwa kwa mteremko mdogo, na la juu, dogo, linashikwa kwa mikono miwili. Msagaji hupiga magoti nyuma yake, akasukuma mbele kwa uzito wa mabega, akarudisha kwa wepesi, na wimbi au mtama hushuka ukiwa unga upande wa chini. Baada ya miaka, jiwe la chini huzama katikati na kuwa kama kitanda kilicholaliwa sana. Uso wake ukiwa laini mno, nafaka huteleza bila kusagika, ndipo hugongwagongwa kwa jiwe gumu hadi urudi kukwaruza. Ukililaza jiwe la namna hiyo kando ya ukuta utaona kwamba ni maarifa mamoja. Aliyejua jiwe gani litasaga bila kumwaga mchanga katika ugali, na aliyejua jiwe gani litabeba bila kupasuka, wote wawili walikuwa wasomaji wa mawe.

Ujenzi wa Thimlich unakadiriwa kuanza karne ya 16. Wakazi wake hawakuwa kabila moja. Wabantu walitangulia na Waluo wakafuata, na boma lililoachwa na mmoja lilikaliwa na kukarabatiwa na mwingine. Hapo pana jambo la kufikiria. Anayerithi ukuta wa saruji anaweza kuishi nao bila kuuelewa. Anayerithi ukuta wa mawe makavu analazimika kujifunza alivyofikiri aliyemtangulia, maana siku jiwe la kwanza litakapoanguka itambidi alirudishe, na halikubali kurudi isipokuwa kwa kanuni zilezile. Kwa namna hiyo lugha ya mikono ilipita kutoka jamii moja hadi nyingine, hata pale lugha za mdomo zilipokuwa tofauti. Mila hii iliendelea hadi katikati ya karne ya 20, wakati familia zilipokuwa zimeshahamia mashambani mwao na uzio wa miti ukachukua nafasi ya ukuta.

Wala Thimlich haikuwa peke yake. Katika nyanda hizi za kusini mwa Nyanza yameorodheshwa maeneo zaidi ya 130 yenye majengo ya mawe zaidi ya 500. Ng'ambo ya Ghuba ya Winam, Siaya, ambako mawe si mengi hivyo, watu walizungushia makazi yao mahandaki na matuta ya udongo, na mahame yake huitwa gunda. Wasomi waliziandika kuta za Thimlich kuanzia miaka ya 1960, wakiwemo Neville Chittick na Laurel Lofgren, na baadaye Simiyu Wandibba na Isaya Onjala. Mwaka 2000 Thimlich iliingizwa katika orodha ya World Monuments Fund ya maeneo yaliyo hatarini. Na mwaka 2018, katika mkutano uliofanyika Manama, Bahrain, UNESCO iliiandika kuwa Urithi wa Dunia, eneo la saba la Kenya kupata heshima hiyo.

Mwaka huohuo wa 2018 UNESCO iliandika kitu kingine, na ni watu wachache waliovilinganisha viwili hivyo. Katika orodha ya urithi usioshikika iliingiza ufundi wa kujenga kuta za mawe makavu, kwa niaba ya nchi nane za Ulaya: Croatia, Cyprus, Ufaransa, Ugiriki, Italia, Slovenia, Uhispania na Uswisi. Wenzetu waliandikishiwa mikono. Sisi tuliandikishiwa mawe. Nayafurahia mawe yetu kuheshimiwa, lakini ukuta wa namna hii haulindwi na cheti. Mbuzi hupanda juu yake, mzizi wa mti huingia na kunenepa, mgeni hukanyaga ili apige picha, na jirani mwenye nyumba ya kumalizia huona rundo la mawe ya bure. Jiwe moja likitoka, mawili yaliyolitegemea hulegea. Dawa yake ni mtu anayejua kulirudisha lilipokuwa, na mtu huyo hutengenezwa kwa miaka ya kubeba, kugeuza na kukosea mbele ya anayejua.

Makumbusho ya Taifa ya Kenya ndiyo yanayolisimamia eneo hili, na wazee wa vijiji vya jirani wamelilinda kwa miiko na kumbukumbu zao tangu kabla ya serikali yoyote kuweka kibao. Ombi langu ni dogo na linawahusu wengi. Vyuo vyetu vya ufundi vya Nyanza vinavyofundisha uashi viwapeleke wanafunzi wao Thimlich angalau mara moja, wakakae siku nzima mbele ya kipande kimoja cha ukuta, na chini ya uangalizi wa wanaoutunza wajaribu kupanga mawe ya mazoezi mbali na kuta za kale. Kijana atakayejifunza kuchagua jiwe kabla ya kulichonga atakuwa mwashi bora hata akirudi kwenye saruji. Na akipatikana mmoja kati ya hamsini atakayeipenda kazi hii, Thimlich itakuwa na wa kuitunza.

Na wewe msomaji, siku utakapofika, pita langoni taratibu. Usipande ukutani, usiokote jiwe la kumbukumbu. Weka kiganja chako juu ya ukuta ulipopata joto la jua, uyahisi mawe yaliyopangwa na mtu ambaye hakuacha jina. Hakuna kinachoyashikilia ila uzito wake na akili ya aliyeyapanga.